Sahani Isiyo na Nguruwe: Uchambuzi wa Kisa cha Kantini za Shule za Chalon-sur-Saône

Tangu mwaka 1984, kantini za shule za msingi za Chalon-sur-Saône, mji wa wakazi wapatao 45,000 mashariki mwa Ufaransa, zilikuwa na utaratibu mdogo ambao haukumsumbua mtu. Siku nyama ya nguruwe ilipokuwa kwenye ratiba ya chakula, mtoto asiyeila alipewa sahani nyingine. Utaratibu huo ulidumu miaka 31, na mameya walikuja na kuondoka bila kuugusa. Tarehe 16 Machi 2015 meya wa wakati huo, Gilles Platret, mwanasiasa wa mrengo wa kulia, alitangaza kwamba kuanzia mwaka mpya wa masomo sahani hiyo ya pili isingekuwapo tena, kwa sababu, kwa maelezo yake, kuwapikia watoto kwa kufuata dini zao kunapingana na usekula wa dola, yaani dola kutofungamana na dini yoyote. Tangazo hilo lilitoka siku chache kabla ya uchaguzi wa mabaraza ya idara, yaani ngazi ya utawala iliyo kati ya mji na mkoa, uliofanyika tarehe 22 na 29 mwezi huohuo. Tarehe 29 Septemba 2015 baraza la mji likaibadilisha kanuni ya kantini, na tangu hapo watoto wote wakawa na mlo wa aina moja.

Kesi iliyofuata ilichukua zaidi ya miaka mitano na kupita ngazi tatu za mahakama za utawala, zile zinazoamua kesi dhidi ya vyombo vya dola, na ilipokwisha kila upande ungeweza kusema umeshinda. Waliosimama na familia waliweza kusema kwamba mahakama imekataa usekula utumike kuwanyima watoto chakula. Waliosimama na meya waliweza kusema kwamba mahakama imethibitisha kuwa hakuna mji wa Ufaransa unaolazimika kumpikia mtu chakula tofauti kwa ajili ya imani yake. Kauli zote mbili ni za kweli, na hapo ndipo kisa hiki kinapostahili kusomwa polepole. Ninavyokisoma mimi, meya aliangushwa na sababu aliyoitaja wakati wa kuiondoa sahani ile, wala si na kitendo chenyewe cha kuiondoa. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama mtoto wa Kiislamu katika shule ya umma ya nchi hiyo ana haki au ana bahati tu.

Kabla ya kuingia katika sheria, ni lazima ieleweke waziwazi kilichokuwa kikigombaniwa, kwa kuwa mjadala wa hadharani mara nyingi uliendeshwa kana kwamba Waislamu wa Chalon walikuwa wakidai nyama halali mashuleni. Sivyo ilivyokuwa. Qur'ani, katika Surat Al-Baqara aya ya 173 na tena katika Surat Al-Maida aya ya 3, inaharamisha nyamafu, damu, nyama ya nguruwe na mnyama aliyechinjwa kwa jina lisilokuwa la Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo marufuku ya nguruwe ni jambo moja, na sharti la namna ya kuchinja ni jambo jingine. Katika hilo la pili Waislamu wenyewe wanatofautiana. Wapo wanaoitegemea aya ya 5 ya Al-Maida, inayohalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, na hao huona kuku au ng'ombe wa kantini anaweza kuliwa; na wapo wanaosema kwamba machinjio ya viwandani, ambako mnyama hupotezwa fahamu kwanza na jina la Mwenyezi Mungu halitajwi, hayaingii katika ruhusa hiyo, na hao humwagiza mtoto wao asiguse nyama yoyote ya shule. Kuhusu nguruwe, hata hivyo, hakuna tofauti kati ya makundi hayo.

Kwa hiyo mlo mbadala uliokuwapo tangu 1984 ulikuwa pungufu ya kile ambacho familia nyingi zingependa. Mji haukuombwa kununua nyama kwa mchinjaji maalumu, wala kulipia cheti cha halali, wala kumwingiza shehe jikoni. Kilichoombwa ni kwamba siku ya soseji za nguruwe awepo bata mzinga, au yai, au samaki, vyakula ambavyo jiko hilohilo lilikwisha kuvipika wiki iliyotangulia na lingevipika tena wiki ijayo. Wayahudi nao, ambao wana marufuku yao ya nguruwe, na wengine wasioila kwa sababu zisizohusiana na dini, walikuwa na manufaa katika sahani hiyohiyo.

Sahani hiyo ilipoondolewa, mtoto alibakiwa na nini? Kanuni ya Ufaransa ya tarehe 30 Septemba 2011 kuhusu lishe shuleni inataka mlo wa mchana uwe na sehemu nne au tano, na ubora wake hupimwa kwa kuangalia milo 20 inayofuatana, ili protini, mboga, maziwa na matunda vipatikane kwa uwiano unaofaa. Mtoto asiyeweza kula chakula kikuu hula kachumbari ya kuanzia, mkate, jibini na tunda. Hafi kwa njaa, hilo ni kweli, na wapo waliolisema kana kwamba limemaliza mjadala. Lakini serikali iliyojitungia kanuni ya kuhesabu lishe ya watoto mlo kwa mlo haiwezi kwa uaminifu kudai kwamba kukosa chakula kikuu ni jambo lisilo na uzito kwa baadhi yao. Na kuna jambo lisiloingia katika hesabu ya lishe: mtoto wa miaka saba akitazama wenzake wakila, huku yeye akiwa ameagizwa na mama yake asile na amewekewa sahani na mhudumu anayemhimiza ale, amebebeshwa mzigo wa kuamua kati ya wakubwa wawili anaowaheshimu. Aya ile ya Al-Baqara inamsamehe aliyeshikwa na dharura, lakini dharura hiyo ni ya mtu asiye na kingine cha kula, na sioni ni kwa haki gani mtoto alazimishwe kujiuliza maswali ya namna hiyo akiwa na uma mkononi.

Sheria iliyozunguka kisa hiki ina tabaka kadhaa. Katika Ufaransa kantini za shule za msingi huendeshwa na mji, za sekondari ya chini huendeshwa na idara, na za sekondari ya juu huendeshwa na mkoa. Mji haulazimiki kuwa na kantini. Ni huduma ya hiari. Hata hivyo, sheria ya tarehe 27 Januari 2017, iliyotungwa wakati kesi hii ikiwa bado mahakamani, inasema kwamba pale huduma hiyo inapokuwapo, kuandikishwa ni haki ya kila mwanafunzi wa shule ya msingi, wala mtoto asibaguliwe kwa hali yake au ya familia yake. Juu ya hayo yote ipo Katiba ya 1958, ambayo ibara yake ya kwanza inatamka kwamba Ufaransa ni Jamhuri ya kisekula, kwamba raia wote ni sawa mbele ya sheria bila kujali asili, rangi au dini, na kwamba Jamhuri inaheshimu imani zote.

Nalo neno usekula, ambalo lilibeba mzigo wote wa hoja za meya, lina mzizi wake katika sheria ya tarehe 9 Desemba 1905 iliyotenganisha dini na dola. Watu hupenda kukumbuka ibara yake ya pili, inayosema kwamba Jamhuri haitambui dhehebu lolote, hailipi mishahara ya viongozi wa dini na haitoi ruzuku. Ibara ya kwanza, ambayo imetangulia na si kwa bahati, inasema kwamba Jamhuri inahakikisha uhuru wa dhamiri na inalinda uhuru wa kuabudu. Tena ibara hiyo ya pili yenyewe ina sharti ambalo ningependa kila anayeitaja alisome hadi mwisho: inaruhusu fedha za umma zitumike kwa huduma za kiroho katika shule, hospitali, nyumba za kutunzia wazee na magereza. Watunga sheria wa 1905, ambao hakuna anayeweza kuwashuku kwamba walikuwa wapole kwa Kanisa, walielewa kwamba mtu aliye chini ya uangalizi wa dola, asiyeweza kutoka akaenda anakotaka, hawezi kuambiwa tu kwamba serikali haina dini na mambo yakaishia hapo. Mtoto wa shule saa sita mchana yu karibu zaidi na hali hiyo kuliko mtu mzima aliyeketi mkahawani.

Mlalamikaji alikuwa jumuiya ya Waislamu iliyoundwa kwa ajili ya utetezi wa kisheria. Ilijaribu kwanza njia ya haraka, yaani kuomba uamuzi wa meya usimamishwe kwa dharura kabla kesi ya msingi haijasikilizwa. Mwezi Agosti 2015 hakimu wa mahakama ya utawala ya mjini Dijon alikataa ombi hilo kwa hoja kwamba hapakuwa na udharura, kwa kuwa ratiba ilionyesha nguruwe asingetokea mezani kabla ya katikati ya Oktoba. Ombi la pili la mwezi Oktoba nalo likashindikana. Hatua hizi mbili hupitwa haraka katika masimulizi mengi, lakini kwa familia ndizo zilizoamua maisha ya miaka iliyofuata. Kesi ya msingi katika mahakama za utawala huenda kwa mwendo wake, na uamuzi ambao haukusimamishwa unaendelea kutumika.

Hukumu ya kwanza ya msingi ilitoka Mahakama ya Utawala ya Dijon tarehe 28 Agosti 2017, na ilimpa mlalamikaji ushindi. Mahakama hiyo haikuuanza mjadala kwa usekula. Ilikwenda kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 3, inayotaka maslahi bora ya mtoto yapewe uzito wa kwanza katika kila uamuzi unaomhusu, na ikaona kwamba mji ulikuwa haukufanya hivyo. Mlo mbadala ulikuwapo kwa miongo mitatu bila kuzua tatizo, na mji haukuonyesha ugumu wowote wa kiufundi au wa kifedha uliolazimisha uondolewe. Naiona hukumu hii kuwa ndiyo iliyomkaribia mtoto zaidi kati ya zote tatu, kwa sababu ilimweka yeye katikati, naye ndiye anayekaa mezani. Udhaifu wake ni kwamba maslahi ya mtoto ni kipimo kipana, na kila upande unaweza kukivuta upande wake. Meya naye alidai kwamba maslahi ya mtoto ni kula pamoja na wenzake chakula kimoja.

Mji ulikata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2018 Mahakama ya Rufaa ya Utawala ya Lyon iliuacha ushindi wa mlalamikaji usimame lakini ikabadilisha msingi wake. Ilisema kwamba usekula na kutoegemea upande kwa huduma za umma havizuii watumiaji wa kantini kupewa chaguo la mlo kamili usiokuwa na chakula kinachokatazwa na imani yao, ikiwa hakuna sababu ya kiutendaji inayozuia. Meya aliegemea usekula peke yake, na kwa kuwa usekula haukatazi alichokikataza, uamuzi wake ulikuwa na kosa la kisheria. Mji ukaenda Baraza la Dola, ambalo ndilo mahakama ya juu kabisa katika mambo ya utawala, na tarehe 11 Desemba 2020 Baraza hilo likaitupa rufaa ya mji.

Hukumu ya Baraza la Dola ndiyo inayobaki kuwa sheria, na inabeba mambo matatu kwa pamoja. La kwanza linawaumiza Waislamu: miji hailazimiki kutoa milo tofauti inayoendana na dini, na watumiaji hawana haki ya kuidai, kwa kuwa ibara ya kwanza ya Katiba inamkataza mtu yeyote kutumia imani yake ili kujitoa katika kanuni za pamoja. La pili linamwangusha meya: wala usekula, wala kutoegemea upande, wala usawa wa watumiaji, hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kwa chenyewe kinauzuia mji kutoa milo hiyo ukitaka. La tatu halikuzungumzwa sana, nami naliona kuwa ndilo lenye manufaa zaidi kwa siku zijazo: mji unapopanga au kupanga upya kanuni za kantini yake, unatakiwa uzingatie kwamba ni kwa manufaa ya umma watoto wote waweze kufaidika na huduma hiyo, kwa kuangalia mahitaji ya uendeshaji bora pamoja na watumishi na fedha zilizopo.

Jambo hilo la tatu halitaji dini. Haliusemi Uislamu wala nguruwe. Linasema watoto wote. Kwa maneno mengine, mzazi anayekwenda mbele ya baraza la mji wake akisema dini yangu inanipa haki atajibiwa, kwa hukumu hii hii, kwamba hana haki hiyo. Mzazi anayekwenda akisema kantini hii ni ya watoto wote na ratiba mliyoipanga inawaacha baadhi yao bila chakula kikuu siku fulani, nanyi mnao uwezo wa kurekebisha, ameleta hoja ambayo baraza linatakiwa kuizingatia. Ombi ni lilelile na sahani ni ileile, lakini mlango wa kuingilia ni mwingine.

Hoja za upande wa meya zinastahili kupimwa kwa haki, kwa sababu si zote zilikuwa za hila. Alisema kwamba mlo mbadala unawagawa watoto kwa dini, unauhitaji mji uwe na orodha ya nani ni nani, na unaelekea kuwakalisha watoto meza tofauti. Hatari hiyo ipo kweli. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 6 Januari 1978 kuhusu taarifa binafsi inakataza kwa ujumla ukusanyaji wa taarifa za imani ya mtu, na ni sahihi kuogopa fomu ya shule inayomuuliza mzazi dini yake. Lakini fomu hailazimiki kuuliza hivyo. Inatosha iulize ni chakula gani mtoto hali, na isiulize kwa nini. Asiyekula nguruwe anaweza kuwa Mwislamu, Myahudi, Msabato, au mtoto ambaye hapendi tu, na jiko halina haja ya kujua. Kuhusu meza, kuwakalisha watoto kwa sahani zao ni uamuzi wa wanaosimamia ukumbi wa chakula, nao hurekebishwa kwa kuwaacha wakae na rafiki zao huku mhudumu akipita na sinia mbili. Ikiwa tatizo ni namna ya kugawa, dawa ni kubadilisha ugawaji. Kumwondolea mtoto chakula ili asionekane kuwa tofauti kunamfanya aonekane tofauti zaidi, kwa kuwa sasa yeye ndiye mwenye sahani ambayo haikuguswa.

Hoja yake ya usawa, yaani mlo mmoja kwa wote, ina nguvu zaidi ya inavyodhaniwa na wapinzani wake, na ndiyo iliyopaswa kujibiwa kwa makini. Kukaa meza moja na kula chakula kimoja ni jambo jema, na Waislamu, ambao wamefundishwa kuwa baraka iko katika kula pamoja, hawana sababu ya kulipinga. Swali ni mlo mmoja upi. Meya alichagua mlo mmoja ambao siku fulani baadhi ya watoto hawawezi kuula. Angeweza kuchagua mlo mmoja ambao kila mtoto anaweza kuula. Usawa ule ule aliokuwa akiutaja ungetimia kwa ukamilifu zaidi kama siku za nguruwe zingewekwa samaki, na orodha isingehitajika, wala meza ya pili, wala fomu. Kwamba njia hiyo haikuchukuliwa kunanifanya niamini kwamba nguruwe mwenyewe alikuwa amegeuzwa kuwa alama ya nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2014, Marine Le Pen, kiongozi wa chama cha mrengo mkali wa kulia, alikuwa amekwisha kutangaza kwamba katika miji iliyotwaliwa na chama chake hakuna dai la kidini litakalokubaliwa katika ratiba za chakula cha shule, na meya wa Chalon, ingawa alikuwa wa chama kingine, alikuwa akizungumza na wapiga kura waliolisikia tangazo hilo.

Yaliyotokea Lyon yanaonyesha kwamba mlo mmoja ambao kila mtoto anaweza kuula unawezekana. Februari 2021, wakati wa janga la Korona, jiji hilo chini ya meya Grégory Doucet liliamua kwamba kantini zake zitoe kwa muda mlo mmoja usio na nyama, wenye samaki au mayai siku fulani, ili foleni ziende haraka na watoto wakae mbalimbali. Mawaziri wa serikali kuu walilaumu vikali, wakidai watoto wananyimwa nyama. Mpango huo haukuwa wa kidini. Hata hivyo mtoto wa Kiislamu aliyesoma Lyon miezi ile alikula kila kitu kilichokuwa kwenye sahani yake, pamoja na wenzake, bila kuulizwa neno.

Zaidi ya hapo, sheria ya kilimo na chakula ya tarehe 30 Oktoba 2018, iliyopitishwa wiki moja tu baada ya hukumu ya Lyon na kwa sababu za mazingira na afya, ilizitaka kantini za shule zitoe angalau mlo mmoja kwa wiki usio na nyama wala samaki. Utaratibu huo ulianza Novemba 2019 kama majaribio ya miaka miwili, na sheria ya tarehe 22 Agosti 2021 ikaufanya wa kudumu. Bila kukusudia, watunga sheria waliwafungulia familia za Kiislamu njia pana kuliko ile ya mahakamani. Sahani ya dengu, ya mayai au ya jibini haina swali la nguruwe wala la kuchinja, hivyo inamtosha hata mtoto wa familia ile isiyokubali kuku wa kantini, jambo ambalo mlo mbadala wa Chalon haukuwahi kulifanya. Uangalifu unaobaki ni katika vitu vidogo, hasa jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe na hujificha katika vitindamlo. Mji unaotoa chaguo lisilo na nyama kila siku, kwa yeyote anayelitaka, umemaliza sehemu kubwa ya tatizo bila kutaja dini ya mtu, na sidhani kwamba wazazi wa Kiislamu wamelifuatilia jambo hili kwa bidii linayostahili, labda kwa sababu limekuja na jina la mazingira.

Wapo watakaosema kwamba nyama halali yenyewe ndiyo inayopaswa kudaiwa. Strasbourg huitoa katika kantini zake, na mfano huo hutajwa mara kwa mara, lakini anayeutaja inafaa akumbuke kwamba mwaka 1905 Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani, kwamba iliporudi Ufaransa ilibaki na utaratibu wake wa zamani kuhusu dini, na kwamba hadi leo sheria ya 1905 haitumiki huko. Si kila mji unaweza kuiga. Isitoshe, mahali ambapo hakuna haki ya kudai hata sahani isiyo na nguruwe, anayeanza kwa kudai machinjo anaweka jambo jepesi rehani kwa jambo zito.

Linalonisumbua zaidi katika hukumu ya 2020 ni lile neno hiari. Tarehe 7 Desemba 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, katika kesi ya mfungwa mmoja Mbudha dhidi ya Poland, iliona kwamba kumnyima mlo usio na nyama kulivunja uhuru wake wa dini, hasa kwa kuwa ombi lake lilikuwa jepesi kutimizwa na halikuhitaji maandalizi ya pekee. Mfungwa yule alikuwa ndani ya kuta, hakuwa na pa kwenda. Mtoto wa Chalon, kwa mtazamo wa sheria, anaweza kwenda kula nyumbani, kwa kuwa kantini haimlazimishi mtu. Hii ni kweli kwa mama aliyeko nyumbani mchana. Kwa mama anayesafisha ofisi au kufanya kazi kiwandani hadi jioni, hiari hiyo ni ya maandishi. Sheria ya 2017 ilipotamka kwamba kuandikishwa kantini ni haki ya kila mtoto, ilikuwa imekiri kwamba watoto wengi hawana pengine pa kula, na ningetarajia Baraza la Dola liupe ukweli huo uzito zaidi lilipokuwa likiandika kwamba hakuna haki. Kama lilivyoacha mambo, mji wenye meya mwerevu zaidi, atakayenyamaza kuhusu usekula na kuzungumzia uhaba wa wapishi na gharama, una nafasi kubwa ya kuondoa sahani ileile na kushinda, ilimradi uweze kuonyesha kwamba uhaba huo ni wa kweli.

Mtoto aliyeingia darasa la kwanza mjini Chalon mwezi Septemba 2015 alimaliza shule ya msingi kiangazi cha 2020. Baraza la Dola liliposoma hukumu yake mwezi Desemba mwaka huo, alikuwa na umri wa miaka kumi na moja na anakula katika kantini ya sekondari, ambayo haiendeshwi na mji bali na idara, kwa ratiba nyingine na kanuni nyingine.